Darubini Inayotazama Tangi la Jirani

Nyumbani, 3 Machi

Kwako mwanangu Bi Maswali,

Salamu zangu nimezikunja vizuri na kuzipiga pasi. Zifungue taratibu zisipate makunyanzi.

Mimi ni mzima, na mtaa mzima unakutaja. Jana nilikwenda kununua sabuni, mwanamke mmoja pale dukani akaniuliza, "Mama Dobi, ni kweli mwanao anafanya kazi na nyota?" Nikamwambia, "Siyo anafanya kazi nazo. Yeye ndiye mkuu wao." Najua utasema wewe siyo mkuu. Utakuwa. Mimi natangulia tu kutangaza.

Nimewaeleza pia kwamba huko kituoni kwenu simu ni marufuku, eti zinayapigia kelele yale masahani makubwa yanayosikiliza anga, ndiyo maana tunaandikiana barua kama watu wa zamani. Wengine hawakuniamini. Muuza duka alinivuta pembeni akaniuliza kama umefungwa.

Humu ndani kuna ile kadi ya kamera, nimeizungushia kitambaa safi. Chombo chako hapa juu ya paa nakitunza kuliko macho yangu. Jioni nakivua kofia, asubuhi nakivisha, kama ulivyoniagiza siku ile unaondoka. Kinachofanyika katikati sikijui. Nasikia tu kikinguruma polepole kama paka aliyeshiba, kikigeuka chenyewe.

Sasa nina swali, maana hayo maswali yako uliyarithi kwangu. Mchana kikipumzika, kwa nini kinatazama tangi la maji la jirani? Anga lote lilivyo kubwa! Kimelala kifudifudi kama mtu aliyefiwa, macho kwenye tangi. Jirani mwenyewe, yule muuza rangi, ameniuliza kama kuna mtu anampeleleza maji yake. Na Jumapili shangazi yako anakuja na wenzake wa kikundi kukiona. Unaujua ulimi wake. Nijibu haraka.

Mama yako,
dobi wa mtaa mzima


Kituoni, 10 Machi

Mama, shikamoo.

Gari la chakula huja huku mara moja kwa wiki na ndilo linaloleta barua, kwa hiyo Jumapili ya shangazi imeshapita. Mwambie aje tena.

Picha ni safi sana. Kila nyota ni nukta ya mviringo, kama tundu la sindano. Nilipomwonyesha mkuu wa kituo alitikisa kichwa, na yeye kutikisa kichwa ni sawa na mtu mwingine kupiga vigelegele.

Nikwambie wewe peke yako, tafadhali usitangulie kutangaza hili. Mimi hapa niko kwenye majaribio. Masahani yetu yanaisikia nyota yangu, ile niliyopewa kuichunguza, ikinguruma, lakini hayaioni. Picha za paa letu ndizo macho yao. Nyota hiyo imeanza kufifia. Nikipata picha zake hadi iwake tena, naajiriwa. Nisipozipata, muhula ukiisha narudi nyumbani. Na katikati ya mwezi wa tano jua litaifunika, hapo hatuna cha kupiga.

Kuhusu tangi. Dunia inazunguka, kwa hiyo sisi tunaziona nyota zote zikizunguka mahali pamoja angani. Mahali hapo panaitwa ncha ya anga. Hapana nyota pale, Mama, ni mahali tu. Ile shingo ya chuma inayobeba darubini, sisi tunaiita kiweko, lazima ielekee pale hasa, ndipo iweze kuzunguka pamoja na nyota bila kuachwa nyuma. Huko nyumbani ncha iko chini kabisa, karibu iguse ardhi, kushoto tu kwa tangi la jirani. Nilihangaika mno kuipata. Ndiyo maana shingo imelala. Tafadhali usiiguse, na asiiguse mtu yeyote.

Mwanao,
Bi Maswali


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu Bi Maswali,

Barua yako bado haijafika ila siwezi kungoja, nina habari za kukuchekesha.

Shangazi yako alikuja Jumapili. Alipanda ngazi na viatu vya kisigino, akihema kama mtu aliyebeba kabati. Alipofika juu akakizunguka chombo chako mara moja, akainama, akatazama kule kinakotazama. Halafu akasimama akajishika kiuno.

"Wifi," akasema, "umemsomesha mtoto miaka yote hiyo aje ahesabu maji ya jirani? Au nyota siku hizi zimehamia kwenye tangi?"

Wenzake wakaangua kicheko, mmoja mpaka akashika kamba ya nguo, nusura aniangushie shuka za wateja. Shangazi yako akazidi. "Wangu mimi anang'oa meno tu," akasema, "lakini mdomo ulipo anapajua."

Mwanangu, uso uliniwaka kama pasi. Nikacheka nao, maana ukicheka na anayekucheka unapunguza makali, lakini usingizi siku hiyo sikuupata. Basi nikawaalika tena Jumatano. Kabla hawajafika nikalisugua paa lote kwa brashi na sabuni, likang'aa hata ungeweza kula chakula juu yake. Walipopanda, shangazi yako alikitazama chombo, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimnyamazisha! Alishika kikombe hadi chai ikapoa. Mwenzake mmoja akasema, "Sasa hiki ndicho chombo." Nimekuwekea kadi ya pili.

Mama yako

Nyongeza. Barua yako imefika wakati nalamba bahasha. Nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwa picha, na hilo la majaribio limeingia kwangu kama jiwe kisimani, halitatoka. Kuhusu kugusa, usiwe na wasiwasi. Kioo hakijaguswa na mtu.


Kituoni, 24 Machi

Mama, shikamoo.

Kuna jambo limenichanganya, labda wewe utanisaidia.

Kadi ya pili inaanza vizuri kama ya kwanza. Halafu kuanzia tarehe kumi nyota zote zimekuwa mistari, kama mvua inayopigwa na upepo. Mashine inaitafuta nyota, inaipata, kisha inashindwa kuifuata. Nimekagua kila kitu ninachoweza kukikagua nikiwa huku. Sielewi. Mkuu wa kituo aliziangalia picha akauliza, "Nani alikiweka kiweko hiki?" Nikasema ni mimi. Hakutikisa kichwa.

Tafadhali nijibu moja moja. Je, paa limepasuka au kutitia? Jirani anajenga? Kuna magari mazito yanayopita barabarani kwetu siku hizi? Nguo zilizoanikwa zinapiga chombo kukiwa na upepo? Kuna mtu aliyejikwaa kwenye miguu yake?

Wenzangu wawili wa majaribio picha zao zimeshapokelewa. Nimebaki mimi.

Mwanao


Nyumbani, 31 Machi

Mwanangu,

Nakujibu moja moja kama ulivyotaka. Paa halijapasuka, marehemu baba yako alilimwaga zege mwenyewe, na ingawa mambo mengine aliyafanya kwa kubahatisha, hili alilifanya. Jirani hajengi, hata rangi ya nyumba yake anashindwa kupaka na ameijaza dukani. Magari mazito hakuna. Nguo nimezihamishia upande wa pili. Hakuna aliyejikwaa, chombo kimesimama imara. Kila kitu kiko vilevile, ila kizuri zaidi.

Sasa mimi ndiye nimechanganyikiwa. Unasema picha zimeharibika, zipi hizo? Mimi kabla ya kukutumia kadi ya pili nilipita kwa fundi picha pale kona, nikamwambia anichapishie moja ya mwanzo na moja ya mwisho, nipate cha kuonyesha watu. Ile ya mwanzo, usikasirike, ni vidoa vidoa tu kama ukuta uliokaliwa na nzi. Kazi yangu ni kuondoa madoa, siwezi kuyatundika sebuleni. Lakini ile ya mwisho! Mistari yote imelala upande mmoja, laini, kama shuka iliyopigwa pasi na mtu anayejua. Nimeitia kwenye fremu. Shangazi yako ameiomba aipeleke kule mwanawe anakong'olea meno, wagonjwa waitazame wasahau maumivu. Huyo mkuu wako ana macho kweli?

Nimemleta fundi picha akanipiga mimi na chombo, humu ndani nakutumia. Niangalie nilivyotulia. Mwonyeshe na mkuu wako, ajue umetoka kwa watu.

Mama yako, mwenye mtoto


Kituoni, 7 Aprili

Mama,

Nimeiona picha. Umependeza.

Shingo ya darubini imesimama. Nyuma yako, pale kwenye bega, naiona imenyanyuka juu kama jogoo anayetaka kuwika. Mimi niliiacha imelala. Haiwezi kunyanyuka yenyewe, mpaka mtu alegeze bolti mbili kwa spana.

Sasa nimeelewa jinsi ulivyomnyamazisha shangazi. Lakini nilikuandikia wazi mambo ya ncha, Mama. Barua ikakufika, ukasema kioo hakijaguswa. Na picha za mwezi mzima zimepotea.

Nina swali moja na nataka unijibu kweli. Nilipokwambia kwamba nikishindwa nitarudi nyumbani, uliiacha ilivyo makusudi?

Kuna mduara wa chaki niliouchora kuzunguka kila mguu wa chombo, na alama ya penseli shingoni. Rudisha kila kitu kwenye alama hizo. Leo hii, tafadhali.

Mwanao


Nyumbani, 14 Aprili

Mwanangu,

Swali lako nimekaa nalo mbele ya ubao wa pasi mpaka shuka la mteja likaungua. Alama ya pasi imetokea pale katikati, nyeusi, na ncha yake. Tangu nianze kazi hii sijawahi. Nimemwambia mwenyewe nitamnunulia jingine, akanitazama kama aliyeona kuku akiogelea.

Nitakujibu. Nilipolegeza zile bolti nilikuwa na hasira na shangazi yako tu, kichwani sikuwa na wewe wala nyota. Nilisema chombo cha mwanangu hakitalala kifudifudi mbele ya watu, kitainua uso. Barua yako ilipofika nikaogopa. Nikajiambia, ni shingo tu, na mtu akinyoosha shingo si anaona mbali zaidi? Nilisoma hayo mambo ya ncha, mwanangu, lakini sikuyaelewa. Unasema chombo lazima kielekee mahali pasipo na kitu ili kione kitu. Nimeirudia sentensi hiyo kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Nani anaelekea pasipo na kitu?

Halafu baadaye, uliposema picha zimeharibika, nikajiuliza kama ni ile shingo. Nikajiambia si hiyo. Je, nilijiambia hivyo kwa sababu ningependa urudi? Sijui. Naapa sijui. Ningekuwa najua ningekudanganya vizuri, lakini sijui.

Mduara wa chaki haupo. Nililisugua paa, nimekwambia. Niliuona mduara nikadhani ni uchafu wa mafundi, na mimi doa halikai mbele yangu. Ya penseli niliifuta kwa mafuta ya taa. Sasa chombo kinasimama popote tu, na mimi pia.

Niambie la kufanya. Hata kama umekasirika, andika.

Mama


Kituoni, 21 Aprili

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa lile swali. Nimelisoma jibu lako ndani ya gari la chakula, dereva akadhani nimeletewa habari ya msiba. Sijakasirika. Nimechanganyikiwa kama wewe, maana jana nilijikuta natafakari nyumbani kunanukia nini jioni za kupiga pasi, nikakosa la kufanya na fikra hizo.

Ningekuja mwenyewe kukiweka sawa, lakini anayetoka hapa kabla ya muhula kwisha harudi. Kwa hiyo ni wewe. Masahani yanasema nyota iko karibu kuwaka tena. Tukikosa wiki hizi mbili, tumekosa.

Kwanza laza shingo mpaka ibaki imenyanyuka kidogo tu, kama mtu aliyelalia mto mwembamba. Ielekeze kushoto kwa tangi, pale palipo wazi. Hiyo ni kwa macho, itakuwa karibu lakini si sawasawa.

Giza likiingia washa mashine kama kawaida. Juu ya darubini kubwa kuna darubini ndogo, na ndani yake kuna nyuzi mbili zilizokatana. Tafuta nyota iliyo utosini, iweke kwenye makutano ya nyuzi, utulie. Kama shingo haijaelekea kwenye ncha, nyota itateleza itoke kwenye uzi. Hapo zungusha kidogo skrubu ya kupeleka shingo kushoto na kulia. Usijiulize juu ni wapi na chini ni wapi, kioo kinageuza kila kitu. Zungusha, ngoja. Ikiteleza haraka zaidi, umekosea upande. Ikipunguza mwendo, endelea huko huko. Ikishatulia, tafuta nyota nyingine iliyo chini upande wa mashariki, ufanye vilevile kwa skrubu ya kupandisha na kushusha.

Hutaiona ncha, Mama. Hata mimi siioni. Tunaijua imepatikana pale nyota inapoacha kukimbia.

Mwanao


Nyumbani, 28 Aprili

Mwanangu Bi Maswali,

Nimefanya. Kama nimepatia sijui, lakini nimefanya.

Nilimwita shangazi yako, maana mkono wa kushika skrubu na jicho la kuchungulia haviwezi kuwa vyangu vyote kwa goti hili langu. Nilitegemea anicheke. Alikuja na viatu bapa.

Nikailaza shingo. Mwanangu, iliniuma kuilaza. Kikarudi kifudifudi kama siku ile alipokuja kukicheka. Nikamsubiri aseme neno. Akasema, "Kwa hiyo siku ile kilikuwa sawa?" Nikamwambia ndiyo. "Na wewe ukakipinda kwa ajili yangu?" Nikamwambia ndiyo. Akavua kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akaweka jicho kwenye darubini ndogo. "Haya," akasema, "usinitazame, zungusha."

Ungetusikia ungekimbia hata ukiwa huko kwenu. Yeye anasema, "Inashuka!" Mimi nasema, "Mwanangu amesema humo ndani hakuna kushuka." "Wifi, naiona kwa jicho langu inashuka." "Basi kushuka kwake ni kupanda." "Na kupanda kwake?" "Nyamaza, inakwenda haraka au polepole?" "Haraka. Imetoroka. Imetoka kabisa, sasa naona nyingine, hii ni ya nani?" Tukaanza upya. Mara nikazungusha upande wa kulia ikatoroka zaidi, nikarudisha kushoto, mara nimesahau kushoto nilikokuwa ni kupi. Jirani muuza rangi akatokea dirishani kuuliza kama kuna mgonjwa. Shangazi yako akamjibu, "Yupo, ni anga."

Polepole ikaanza kukaa. Anasema, "Inasogea kidogo." Nazungusha kama unavyozungusha kitufe cha pasi ya kitambaa chepesi, unahisi tu. "Inasogea kidogo zaidi ya kidogo," anasema. Ndipo akatoa jicho, akanigeukia.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, na wewe unajua yeye hana sauti ya chini. "Si wewe ndiye unayeniambia nyumba imekuwa kubwa tangu aondoke? Si wewe uliyelia jikoni kwangu ukasingizia kitunguu? Basi iache hapo hapo. Imepinda kidogo tu. Hakuna atakayejua, mwanao atarudi kwa mama yake."

Mwanangu, usifikiri nilimjibu upesi. Mkono ulibaki kwenye skrubu. Mbele yangu shingo inaelekea gizani, pembeni ya tangi, pasipo na nyota hata moja, na mimi nimekishika chuma nisijue nakaza kwa ajili ya nani. Nikikaza upande huu nakuajiri. Nikiuacha nakurudisha. Hakuna mama aliyewahi kupewa skrubu ya namna hiyo.

Halafu nikamwambia, "Akirudi, arudi kwa sababu amechoka nao. Asirudi kwa sababu mimi nimepinda." Shangazi yako akanitazama. Akasema, "Wewe mwanamke una kiburi," akarudisha jicho kwenye darubini. "Zungusha basi."

Tukaenda kwenye ile nyota ya mashariki tukafanya vilevile, yeye akilalamika mgongo. Mwisho akanyamaza. Nikamuuliza inakwendaje. Nikadhani amesinzia. Nikamgusa bega, akasema, "Haiendi. Imekaa. Wifi, imekaa tu." Akanipisha nikachungulia. Kitu kidogo cheupe, katikati ya nyuzi, kimetulia kama mtoto aliyelala. Tulipokezana kukitazama hadi chai ya siku hiyo nayo ikapoa.

Bado sielewi kwa nini pasipo na kitu ndipo penye uongozi. Shangazi yako anasema anaelewa, kwamba ndivyo alivyoishi na mume wake. Mimi simwamini.

Kadi nitaituma wiki hadi wiki. Chaki nimechora upya, na nimemwambia kila mtu mpaka wateja: atakayeisugua nitamsugua yeye.

Mama yako


Kituoni, 19 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Jua limeshaifunika nyota. Kadi zako zote tatu zimefika. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu viti vyote vimejaa watu waliokuja kuangalia.

Nukta, Mama. Nyota zote ni nukta. Kadi ya kwanza kati ya hizo tatu ina picha chache zilizochafuliwa na mawingu. Ya pili inaonyesha nyota yangu ikiwa hafifu kabisa, karibu haipo. Ya tatu inawaka. Masahani yalisikia mngurumo wake saa ile ile. Mkuu wa kituo aliziweka picha mezani akauliza kwa mara ya pili, "Nani alikiweka kiweko hiki?" Safari hii nikasema, "Mama yangu na shangazi yangu." Alinitazama sana. Nadhani alifikiri namtania. Kisha akatikisa kichwa.

Nimepewa ajira. Ni miaka minne, na likizo ni mara moja kwa mwaka. Nimetia saini, na hata sasa sijui kama ninachokisikia ni furaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawili, na kila moja lilikuwa na sehemu ya kulilia.

Niambie unajisikiaje. Niambie kweli, siyo unavyowaambia watu dukani.

Mwanao


Nyumbani, 26 Mei

Mwanangu, mwajiriwa,

Dukani nimewaambia kwamba serikali kadhaa zimegombania kukupata, na uliyoichagua bado haijalala kwa furaha. Muuza duka amenipa sabuni ya bure. Shangazi yako anatembea mtaani akijiita mtaalamu wa kutuliza nyota, na mwanawe amelazimishwa kutundika picha yenye nukta badala ya ile ya mistari. Wagonjwa wanauliza ni ugonjwa gani.

Sasa kweli yenyewe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Furaha na kilio vilikuja mlangoni pamoja, sikujua nimkaribishe yupi kwanza, wakaingia wote wawili wakakaa. Bado wapo. Nawapikia chakula kimoja.

Jana nimekitoa kitanda chako chumbani. Nimempa binti wa fundi picha, anaolewa, cha kwake kimevunjika mguu. Shangazi yako alinisaidia kukibeba na hakusema neno hata moja, ndipo nilipojua kwamba na yeye anakukumbuka. Nilikuwa nakitandika kila Jumamosi, shuka mpya, mto umepigwa pasi, kama mtu anayengoja mgeni ambaye hajasema anakuja. Nimechoka kutandika, mwanangu. Chumba sasa nimekijaza nguo za wateja, kina mwanga mzuri.

Usidhani umefukuzwa. Ukija likizo utalala na mimi kwenye kile changu. Ni kidogo, na mimi nimenenepa. Tutabanana.

Mama yako